Ukikwama kwenye foleni, toa sindano

Unaijua ile foleni ya Lang'ata Road saa moja asubuhi. Dereva amezima injini, makanga ameshuka kununua mayai ya kuchemsha, na abiria wote wameinamisha shingo kwenye simu. Mmoja anatazama video kwa sauti ya juu bila kujali jirani (hilo tutalizungumzia siku nyingine). Mwingine anajibu meseji za bosi. Na yule kijana wa dirishani anabeti.

Yule wa dirishani nilikuwa mimi.

Siku hizi ukipanda matatu ya 125 kutoka Ongata Rongai, utanikuta kiti cha katikati, nimeshika kipande cha leso kinachotoshea kiganjani, sindano ikiingia na kutoka. Ninashona mfarishi. Ndiyo, blanketi la viraka, kwa mkono, ndani ya matatu. Kila kiraka kina pembe sita, kama tundu la sega la nyuki. Vinahitajika kama 1,300. Nimefikisha 904.

Kabla hujacheka, acha nikueleze nilivyofika hapa. Kisha nitakuonyesha pa kuanzia, kwa sababu kuanza hakutakugharimu hata Sh200.

Sh3,000 za nauli

Mwaka jana mwezi wa Agosti, nyanya yangu kule Mombasa aliugua. Haukuwa ugonjwa wa ghafla. Ni uzee uliochanganyika na presha na sukari. Khalati akanipigia simu: "Mwanangu, njoo umuone nyanyako. Anakuulizia kila siku." Nikamwambia nitafika Jumamosi. Nilikuwa na Sh3,000 kwenye simu, nauli ya treni ya kwenda na kurudi.

Ijumaa jioni lori likaharibika karibu na Bomas na barabara ikafunga. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Nikaweka Sh200 kwenye mechi moja, zikaenda. Nikaweka Sh500 ili nizirudishe zile 200. Kama umewahi kubeti, unajua hesabu hiyo inavyoendelea. Nilipofika Rongai nilikuwa na Sh140. Nikampigia khalati nikamwambia kwamba kazini wametuzuia wikendi nzima.

Nyanya alifariki wiki tatu baadaye. Nilikuwa bado sijaenda. Nilipofika na basi la usiku alikuwa ameshazikwa. Kwetu maiti haisubirishwi.

Baada ya arobaini, khalati aliniita kando akanipa foronya iliyojaa leso. Zile nzuri wanawake wa nyumbani walikuwa wamegawana. Zilizobaki zilikuwa zimechanika, nyingine zina madoa ya mafuta ya taa. "Hizi hakuna anayezitaka, na kuzitupa siwezi," akasema. "Tafuta la kuzifanyia." Zilikuwa tisa. Nikazirudisha Nairobi, nikazisukuma chini ya kitanda, zikakaa huko hadi mwezi wa Machi.

Machi ndipo simu yangu iliponyakuliwa dirishani, mchana kweupe. Kama hujawahi kukaa kwenye foleni ya Rongai wiki mbili bila simu, huijui Rongai. Unasoma maandishi ya kwenye viti. Unahesabu mabango. Mikono haijui iende wapi.

Jirani yangu kwenye ploti ni mama fundi wa nguo. Jioni moja nilimkuta mlangoni akiunganisha vitambaa vidogo vidogo vyenye pembe sita. Alifunzwa shuleni, enzi ambazo watoto wa msingi walikuwa wakitahiniwa sayansi kimu. Nikamuuliza ni kazi ngumu? Akanitazama kama mtu anayepima suruali. "Si ngumu. Ni nyingi."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo.

Bustani ya nyanya

Kushona viraka vya pembesita si jambo geni wala si letu peke yetu. Uingereza walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 18, na mwaka wa 1835 jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapisha mtindo huo kwa wasomaji wake Marekani. Miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoporomoka na watu wakawa hawatupi hata shati bovu, mtindo mmoja wa pembesita ulipendwa sana. Unaweka kiraka kimoja katikati, unakizungushia sita, tayari una ua. Ukiongeza mzunguko wa 12, ua linakuwa kubwa. Wenyewe waliuita bustani ya maua ya nyanya.

Mama fundi aliponitajia jina hilo, nilikwenda nyumbani nikaitoa ile foronya.

Kuna mfarishi mwingine wa pembesita ninaoufikiria kila ninapotaka kuacha. Mwaka wa 1942 Wajapani waliiteka Singapore, na raia kutoka Uingereza na kwingineko wakafungiwa katika jela ya Changi, watoto kwa wakubwa. Humo ndani, wasichana wapatao 20 wa kikundi cha Girl Guides walianza kushona kwa siri zawadi ya siku ya kuzaliwa ya kiongozi wao, Elizabeth Ennis. Vitambaa walivitoa kwenye nguo zilizochakaa. Uzi waliupata kwa kufumua nguo nyingine. Maua yao ya pembesita, na majina yao waliyoyadarizi, yako hadi leo katika jumba la Imperial War Museum, London. Nikikumbuka hao, foleni ya Lang'ata naiona ni ya kawaida.

Haya, lete mkebe wa hesabu

Unakumbuka bikari uliyoinunua shuleni ukaitumia kuchora dawati? Sasa ina kazi. Ipanue sentimita 3, chora duara. Bila kubadilisha upana, weka ncha popote kwenye mstari wa duara, weka alama, sogea kwenye alama, rudia. Duara litagawanyika mara sita kamili. Unganisha alama hizo kwa rula: hiyo ni pembesita yenye pande za sentimita 3. Kila pembe ina nyuzi 120, ndiyo maana tatu zikikutana zinafunga 360 bila kuacha mwanya hata wa kupitisha uzi.

Chora nyingine kwenye karatasi ngumu kidogo, ukate nyingi. Mimi natumia kadi za mchango wa harusi. Kila kijana wa Nairobi ana rundo la hizo, na angalau sasa zinarudisha kitu. Kalenda za zamani pia ni nzuri. Karatasi ya daftari ni laini mno, itakunjika.

Kitambaa kikate kikubwa kuliko karatasi kwa karibu sentimita moja kila upande. Weka karatasi katikati, upande wa nyuma wa kitambaa, kunja kingo zote sita juu yake, kisha piga bandi kushikilia zile pembe. Unapata kigae kidogo cha kitambaa, kigumu, chenye kingo zilizonyooka. Karatasi inakaa humo ndani hadi mwisho. Ndiyo inayofanya kazi hii iwezekane kwenye gari linalotikisika: mkono ukiyumba, umbo haliyumbi.

Kuunganisha, vilaze viwili uso kwa uso, pande zilingane, uanze kushona kutoka pembe hadi pembe. Chukua nyuzi mbili tatu tu za ukingo wa kila kitambaa. Ukisikia sindano inakwaruza karatasi, umeenda ndani mno. Mishono 12 hadi 15 kwa upande mmoja inatosha. Funga fundo penye pembe, usilifunge katikati. Kiraka kikishazungukwa pande zote na wenzake, hapo tu ndipo unafumua bandi na kuichomoa karatasi yake, na unaweza kuitumia tena.

Leso ni kitambaa kizuri kwa kazi hii kwa kuwa ni pamba, inakunjika na kutii. Lakini loweka kwanza ile mpya, hasa nyekundu na nyeusi, maana huchuja rangi. Vitenge vingi vya siku hizi vina poliesta ndani. Ukitaka kujua, choma uzi mmoja nyumbani: pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu, poliesta huyeyuka ikawa tone gumu. Nimesema nyumbani, si kwenye matatu. Vipande vya vitenge utapewa bure na mafundi ukiomba kwa adabu, na mashati ya pamba ya Gikomba yaliyochanika kola hayana bei.

Sasa hesabu yenyewe, kwa wale wanaouliza "hii itaisha lini?" Mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja, sentimita 150 kwa 200, unahitaji pembesita kama 1,280 za ukubwa huu. Ongeza za kuharibika, weka 1,300. Mimi kila moja inanichukua dakika 12, kuanzia bandi hadi kuunganishwa. Hizo ni saa 260. Ukiwa na saa moja na nusu ya barabara kwa siku, siku tano kwa wiki, utamaliza katika wiki 35. Mimi niko wiki ya 31 na nimebakisha karibu 400, kwa hivyo nimechelewa hesabu yangu mwenyewe. Mwezi wa Julai kulikuwa na wiki ambazo nilikuwa nalala tu safari nzima.

Barabarani

Nyumbani kata, barabarani shona. Usijaribu kukata ndani ya gari. Kila jioni naandaa vipande vitano au sita, bandi tayari, navitia kwenye kikopo tupu cha mafuta ya kujipaka pamoja na uzi, sindano mbili na kikata kucha. Kikata kucha ndicho makasi yangu. Makasi yenyewe yaliniachisha foleni kwenye ukaguzi wa kituo cha treni, mbele ya mbwa na watu mia, nikayaacha hapo.

Sindano zihesabu kabla ya kushuka. Hili silifanyii mzaha. Sindano ikipotelea kwenye kiti, atakayeketi baada yako ni mtoto wa mtu. Nilipoteza moja mwezi wa Mei, nikapita steji yangu nikienda nayo hadi mwisho wa safari, na makanga akanisaidia kuitafuta kwa tochi ya simu. Tangu siku hiyo kikopo changu kina kipande cha sumaku nilichotoa kwenye spika mbovu, na kila sindano ina uzi mwekundu wa kuonekana.

Matuta yajifunze. Ukitoka Rongai utayajua kwa moyo, na kabla ya kila moja unasimamisha mkono sindano ikiwa ndani ya kitambaa, si hewani. Funga mkanda, viwiko vikae karibu na mbavu, uzi usizidi urefu wa mkono wako la sivyo utakuwa unamchoma jirani sikio. Kando ya mtoto sishoni kabisa. Wala usishone chini ya zile taa za bluu na zambarau za nganya. Jioni moja niliunganisha ua zima nikidhani kitovu ni cheusi, asubuhi nikakuta ni chekundu. Nimeliacha hivyo hivyo.

Kwenye treni ya Mombasa ndiko kuzuri zaidi. Meza unayo, mwanga unao, hakuna matuta. Kutoka Syokimau hadi Miritini ni zaidi ya saa tano. Nilishona maua matatu, na nilisimama mara moja tu kutazama ndovu upande wa Tsavo, wekundu kwa vumbi.

Utaongeleshwa, hilo ujiandae. Mimi niliyekuwa sijasalimiana na abiria tangu nihamie Nairobi, sasa najua habari za nusu ya steji. Mama mmoja alinipa kifungo cha koti tulipotoka Galleria, tulipofika mjini nikawa nimemshonea. Vijana wawili wa viti vya nyuma walinicheka, "boss, hiyo si kazi ya wamama?" Nikawauliza suruali walizovaa zilipunguzwa na nani. Wakatajana fundi wao wa Gikomba, mwanamume mwenye ndevu. Makanga akasema basi na mimi nimpunguzie shati. Sijui kupunguza shati. Najua upande mmoja wa sentimita 3, na mwingine, na mwingine.

Na je, kubeti? Nitakuwa mkweli. Nilinunua simu nyingine mwezi wa Aprili na wiki hiyo hiyo nilibeti. Nilibeti tena Juni. Kushona si dawa, na kama umezama huko, tafuta mtu uzungumze naye, usitegemee uzi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kubeti kunataka kidole kimoja na dakika moja, na mikono yangu ikiwa na sindano, uzi na kiraka, hicho kidole hakiko huru. Wakati mwingine hiyo tu inatosha kufika mjini.

Leso za mtu

Kitu ambacho sikukifikiria ni ruhusa. Khalati alinipa leso, ndio, lakini dadake mkubwa hakujua. Mwezi wa Agosti mwaka huu nilipokwenda Mombasa na maua yangu kwenye begi, nikayatandaza mkekani kwa majivuno, khalati mkubwa alisimama mlangoni na sinia mkononi.

"Leso za mamangu umezitia makasi?"

Sikuwa na jibu. Ukiwa Nairobi, leso ni kitambaa. Ukiwa pale mkekani, kila leso ina pindo, ina mji, ina jina lililoandikwa, na ilivaliwa siku fulani kwa sababu fulani. Mimi nilikuwa nimekata katikati ya majina. Kiraka kimoja kinasomeka SUBI. Kingine kina MAMA, kingine kina nusu ya Abdulla kutoka kwenye ile chapa ya Mali ya Abdulla ambayo kila mwenyeji wa Mtaa wa Biashara anaijua.

Hakunisemesha hadi alasiri. Kisha akaja akaketi, akavuta ua moja, akaligeuza. Akaanza kutaja. Hii ni kisutu, alipewa na wakwe zake. Hii alijitanda siku ya harusi yangu. Hii alikuwa akiipikia, tazama doa. Hii hata sijui, pengine aliazima kwa jirani asirudishe. Tulifika ya tano akawa anacheka. Nilikuwa na simu, nikaandika yote, kiraka kwa kiraka. Leso moja nyeusi na nyeupe ambayo nilikuwa sijaikata, aliichukua akaikunja, akaiweka begani. Hiyo harudishi, na sikumwomba.

Kwa hivyo ukipewa nguo za mtu, uliza kabla ya kukata. Uliza nyumba nzima.

Usiku huo nilimkuta khalati mdogo jikoni, nikamwambia kuhusu zile Sh3,000. Lori la Bomas, mechi, uongo wa kazini, yote. Alikuwa anachochea chai. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza kama bado nabeti. Nikamwambia mara ya mwisho ilikuwa Juni. Akaniambia nisimwambie dadake, kisha akaepua chai.

Asubuhi, kabla sijaenda Miritini, alinipa kipande cha leso yake mwenyewe, kimekatwa vibaya kwa kisu cha jikoni. Hakusema ni cha nini. Kilitoa viraka vinne.

Nikimaliza sehemu ya juu, katikati nitaweka blanketi jembamba kuukuu badala ya pamba, maana Mombasa pamba ni adhabu. Chini nitatia shuka moja jeupe, kisha nitafunga mafundo kila penye upana wa kiganja ili tabaka tatu zisitembeane. Mama fundi ameniahidi kunishonea pindo kwa cherehani. Nimemkatalia mara mbili.

Kesho asubuhi nina viraka sita kwenye kikopo, vyote vya ile leso ya jikoni yenye doa. Kama uko kwenye 125 ya saa kumi na mbili na nusu, niko kiti cha katikati. Sindano ya pili iko huru.